Salio la Simu Unalijua, la Tanki Je?

Nikikuuliza sasa hivi simu yako ina salio kiasi gani, utanijibu. Nikikuuliza bando limebaki kiasi gani, utanitajia hadi saa litakapokwisha. LUKU je? "Zimebaki yuniti kumi na mbili, kesho kutwa nanunua." Mafuta ya gari? Unajua kabisa kuwa taa ya njano ikiwaka Ubungo bado unafika Mwenge na kurudi. Haya, sasa niambie: simtanki la nyumbani kwenu lina lita ngapi? Na karo la choo limebakiza nafasi kiasi gani?

Kimya.

Kwenye tanki tuna kipimo kimoja tu, nacho ni ngumi. Mtu anapanda ngazi, anagonga, anategesha sikio kama daktari wa kifua, halafu anatangaza: "Yapo yapo." Hiyo "yapo yapo" ni lita ngapi hakuna anayeuliza. Kwenye karo hata ngumi hatuna. Karo tunalisubiri litujulishe lenyewe, na likiamua kutujulisha halitumi meseji. Linapita bafuni, siku ya Jumapili, wageni wakiwa sebuleni.

Ndugu zangu, leo nataka tugombane kidogo. Nasema hivi: kizazi chetu, kilichosoma, kinachohesabu megabaiti moja moja na kulalamika kampuni ya simu ikimega hata shilingi hamsini, kinaishi gizani kwenye vitu viwili vinavyoshikilia uhai wa nyumba, yaani maji yanayoingia na uchafu unaotoka. Giza hili hatukulazimishwa na umaskini, tumelizoea tu. Na wanaolipa gharama yake mara nyingi si sisi.

Nianzie mbali kidogo, kwa watu ambao pengine mnawacheka. Huko Marekani na Ulaya kuna magari ya kuishi. Gari lina kitanda, jiko, bafu na choo. Wengine wanakwenda nalo likizo, wastaafu wanazunguka nalo miezi kadhaa, na wengine wanaishi humo kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Waliotazama filamu ya Nomadland, ile iliyochukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021, wanawajua hao wa mwisho. Sasa watu hawa, tajiri kwa maskini, wana jambo moja ambalo hawachoki kulizungumza. Si injini wala siasa. Ni matanki!

Gari kubwa la namna hiyo lina matanki matatu. Moja ni la maji safi. La pili ni la maji ya bafuni na ya sinki, wao wanayaita maji ya kijivu. La tatu ni la choo, nayo yanaitwa maji meusi. Magari mengi ya Ulaya hayana hilo tanki kubwa la choo, yana kasha la lita 17 hadi 20 hivi ambalo mwenye gari analichomoa na kulibeba kwa mkono kama begi la safari, akalimwage kituoni. Ndani ya gari kuna kibao chenye taa: tupu, theluthi, theluthi mbili, limejaa. Kabla hajapika, kabla hajaoga, mtu anatupia jicho.

Kibao kile kinafanya kazi kwa namna rahisi sana. Ukutani mwa tanki kumepachikwa vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kwa kimo chake. Umeme mdogo wa betri ya volti 12 unapita kwenye maji kutoka kipande hadi kipande. Maji yakifika kimo fulani, njia ya umeme inakamilika na taa inawaka. Basi. Kwenye maji safi mambo huenda vizuri. Kwenye tanki la choo karatasi na uchafu hunasa kwenye vile vyuma, kibao kikaendelea kusema "limejaa" hata kama umelimwaga dakika tano zilizopita. Ndiyo maana wengi wamehamia kwenye vipimo vinavyobandikwa nje ya tanki, visivyogusa kilichomo. Wengine bado wanamulika tochi kwenye tundu la choo na kuchungulia. Ndiyo, wanachungulia, tena bila haya, kwa sababu wanajua kutokujua kunagharimu zaidi.

Kwa nini wanahangaika hivyo? Kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja, na gari lina kikomo cha uzito. Kwa sababu tanki la maji ya kijivu likijaa, maji yanarudi na kuibukia kwenye sakafu ya bafu, pale pale unapokanyaga. Na kwa sababu kumwaga kinyesi barabarani ni kosa linalomfikisha mtu kwa askari. Gari halina jirani wa kusukumiwa uchafu. Chochote ulichoingiza kitatoka mbele ya macho yako, kwa hiyo unahesabu.

Sasa nikuulize, wewe wa Kimara, Tabata, Goba au Mbagala: nyumba yako ina tofauti gani na gari hilo, ukiondoa magurudumu?

Maji hayaji kwenye bomba lako kila saa. Yanakuja kwa zamu, kwa boza, au kwa kisima cha jirani, na yakija unayaweka kwenye tanki. Uchafu wako hauendi popote. Mtandao wa majitaka wa Dar es Salaam uko zaidi katikati ya jiji na maeneo machache, na wakazi walio wengi, katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wanategemea shimo au karo lililoko hatua chache kutoka jikoni. Kila kaya ina mamlaka yake ndogo ya maji na mabwawa yake madogo ya majitaka. Tofauti ni kwamba mstaafu wa Marekani ana kibao chenye taa nne, na sisi tuna ngumi.

Najua kuna atakayesema: "Mwandishi naye, hayo si mambo ya wazungu wenye muda?" Hapana bwana. Kupima ni jambo letu la zamani kuliko bomba. Bibi zetu wa pwani walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja, na hakuna aliyekwenda dukani akaambiwa mchele "upo upo". Nahodha wa jahazi alijua mapipa yake yamebakiza maji ya kunywa ya siku ngapi, na alijua ngamani mwa chombo pameingia maji kiasi gani. Asingejua hayo mawili, asingefika. Maji masafi juu, maji machafu chini, vyote viwili vinaangaliwa. Nahodha hakufundishwa hayo na mtu wa Ulaya. Na wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Tunalitaja kwenye vikoba na kwenye biashara ya genge, kwenye maji tunalisahau.

Tena hata leo kuna mtu nyumbani kwako anayejua kiwango cha maji kwa usahihi kabisa. Ni dada wa kazi. Anajua kwa sababu yeye ndiye anayeinama kwenye pipa pale bomba linapotoa hewa, ndiye anayeamka saa tisa usiku kukinga, ndiye anayebeba dumu kutoka kwa jirani. Mgongo wake ndio kibao chenye taa nne. Lakini msomi mwenye shahada mbili, aliyekaa kwenye kochi, anauliza kwa sauti: "Maji yapo?" Akijibiwa "yapo kidogo", anaingia kuoga dakika ishirini. Nyumba haikosi taarifa. Taarifa iko kwa mtu ambaye hatujazoea kumsikiliza.

Twende kwenye hesabu, maana polojo bila namba ni kelele. Chukua tanki la lita 2,000 ambalo kimo chake cha maji ni sentimita 160. Gawanya: kila sentimita ni lita 12 na nusu. Unahitaji ufito mmoja mrefu, safi, uliochorwa alama. Ukiuzamisha asubuhi na kesho yake asubuhi, bila maji mapya kuingia, ukakuta yameshuka sentimita 20, mmetumia lita 250. Kama mko watano, ni lita 50 kwa kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku kukidhi mahitaji yake ya msingi. Kumbe mko kwenye ukingo wa chini, na tanki lenu likijaa ni la siku nane, si la "muda mrefu". Siku nane! Sasa mgawo ukitangazwa, unajua unaongea nini.

Jaribu na jambo jingine. Pima saa nne usiku watu wakilala, pima tena saa kumi na moja alfajiri kabla mtu hajaamka. Kama bomba halikutoa na hakuna aliyetumia, kimo kinatakiwa kibaki pale pale. Kikishuka sentimita 4, zimepotea lita 50 usiku mmoja, pengine kwenye boya bovu la choo linalotiririsha kimya kimya. Kwa siku 30 ni lita 1,500, robo tatu ya tanki lako. Hayo ni maji uliyoyalipia boza, yakapita chooni, yakaenda kujaza karo, halafu ukalipia tena gari la kunyonya ili liyaondoe. Umeyanunua mara moja na kuyatupa mara moja, na pande zote mbili umelipa wewe.

Hapo ndipo nawajibu wanaosema kupima hakuleti maji. Ni kweli, ufito hauna chemchemi. Lakini Oktoba 2022, Mto Ruvu uliposhuka na DAWASA ikatangaza mgawo wa maji Dar es Salaam, tuliona aina mbili za nyumba. Kuna zilizojua zina siku ngapi, zikapunguza kufua, zikaagiza boza mapema. Na kuna zilizogundua tanki ni tupu siku ile ile ambayo mtaa mzima unagombea boza moja, na bei unaijua mwenyewe inavyopanda hapo. Mgawo ulikuwa ule ule. Mitambo ya Ruvu Chini na Ruvu Juu imejengwa kuzalisha lita milioni 270 na milioni 196 kwa siku, na watu wa mamlaka wanazipima. Mnyororo wa vipimo unaanzia mtoni, unapita kwenye mtambo, unafika kwenye mita ya getini kwako, unakufa hapo. Hatua tano kutoka getini hakuna anayejua kitu.

Haya, maji masafi tumeyamaliza. Sasa tuvae barakoa twende nyuma ya nyumba.

Karo ndilo hasa linalonifanya niandike kwa hasira. Tanki likiisha unateseka wewe. Karo likijaa anateseka mwingine. Makadirio yanayotumika sana kwenye vyoo vya shimo ni kwamba mtu mmoja huacha tope la lita 40 hadi 60 kwa mwaka baada ya maji kunywea ardhini. Nyumba ya watu sita inaacha lita 240 hadi 360. Kanuni ya mafundi wa karo la maji ni kwamba tope la chini na utando wa juu vikifika theluthi moja ya ujazo, ni wakati wa kunyonya. Kama karo lako ni la lita 3,000, theluthi ni lita 1,000. Kwa kukadiria, una kati ya miaka mitatu na minne. Hesabu ya darasa la sita hiyo.

Lakini nani kaifanya? Nyumba ninayopanga ina kaya sita na karo moja. Nimewauliza wapangaji wenzangu lilinyonywa lini, kila mmoja kaniambia yeye kalikuta. Mwenye nyumba naye anasema fundi aliyelijenga alikuwa mzuri. Karo lilichimbwa kwa ajili ya familia moja, sasa watu ni ishirini na wanne. Piga hesabu ile ile uone: ile miaka mitatu au minne imegeuka kuwa miezi tisa hadi kumi na miwili. Kodi imepanda mara tatu kwa kisingizio kwamba nyumba imeongezewa vyumba. Karo halijaongezewa hata ndoo.

Na sasa sikilizeni majigambo ninayosikia kila kona ya mji: "Karo letu halijawahi kujaa tangu tuhamie." Linasemwa kwa fahari, kama mtu anayesifia mtoto asiyeugua. Ndugu yangu, karo lisilojaa miaka ishirini halijakufanyia muujiza. Linavuja. Swali ni linavujia wapi. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada kwenye kambi za wakimbizi, vinataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini. Sasa chukua kiwanja chetu kipenzi, ishirini kwa ishirini. Chimba choo kona hii, chimba kisima kona ile ya mshazari, mbali kadiri inavyowezekana. Umbali wake ni mita 28. Yaani hata ukitumia kiwanja chote huifikii mita 30! Na hapo hatujahesabu choo cha jirani upande wa pili wa ukuta. Halafu watu wanachimba visima, wanapandisha maji tankini, na tunasifiana kwamba "sisi maji si shida".

Kuna upande wa pili, karo linalojaa masika. Mabondeni maji ya ardhini yako karibu na uso, na mvua ikinyesha yanaingia karoni kutoka pembeni. Hapo linakuja neno ambalo kila mwana Dar analijua na hakuna anayeliandika kwenye ripoti ya mwaka: kutapisha choo. Mvua kubwa inaanza usiku, mtu anatoboa tundu ubavuni mwa karo au anaondoa kifuniko, mafuriko yanabeba kila kitu. Asubuhi karo ni jeupe na mtaro ni mweusi. Si jambo la uswahilini peke yake, jamani, msijidanganye. Nimeona linafanywa kwenye nyumba zenye geti la umeme na mbwa wawili. Aliyeko juu anatapisha, aliyeko Jangwani anapokea, na mtoto wa aliyeko Jangwani anachezea maji yale akienda shule.

Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, kikasambaa mikoani, na mlipuko ule uliendelea hadi miaka iliyofuata ukiwa na wagonjwa zaidi ya elfu ishirini nchi nzima. Magazeti yaliandika sana kuhusu matunda yaliyokatwa, mama lishe na kunawa mikono. Sawa, mikono inawwe. Lakini bakteria wa kipindupindu hakuota kwenye tikitimaji. Alitoka kwenye utumbo wa mtu, akapita chooni, akafika kwenye maji ya mtu mwingine. Tukamfukuza mama lishe barabarani na kumwacha mwenye karo linalotapika, kwa sababu mama lishe anaonekana na karo liko chini ya vigae.

Ndiyo, chini ya vigae. Hapa niwaseme mafundi na wenye nyumba. Mtu anajenga nyumba ya mamilioni, anaweka vioo vya rangi, halafu kifuniko cha karo anakifukia kwa zege na kupamba vigae vya maua juu, eti uwanja upendeze. Siku ya kunyonya inatafutwa nyundo. Unategemea mtu apime kitu ambacho hakifunguki? Na watengenezaji wa matanki nao: mnajua kabisa kwa nini tanki ni jeusi, mwanga usipite na ukijani usiote ndani. Vizuri. Lakini mnashindwa nini kuweka mpira mwangavu ubavuni, na kivuli chake, wenye alama za lita? Chupa ya maziwa ya mtoto ina alama. Kikombe cha dawa ya kikohozi kina alama. Tanki la lita 5,000 linauzwa likiwa bubu.

Na wenzangu mliosoma uhandisi, msijifiche nyuma. Kwenye vyuo vingi kipimo cha maji ya tanki ni mradi wa mwaka wa mwisho usiokosekana: kibao cha Arduino na kifaa kinachotuma sauti isiyosikika na masikio, ikigonga maji inarudi, muda wa kwenda na kurudi unageuzwa kuwa kimo. Sauti hewani inakwenda kama mita 343 kwa sekunde kwenye joto la nyuzi 20, hesabu inajulikana, kifaa ni cha bei ndogo. Mwanafunzi anapata alama, ripoti inajalidiwa, inakwenda kabatini. Tanki la hosteli anayoishi bado linagongwa kwa ngumi. Kama mtaalamu wa kesho hakulipima tanki lake mwenyewe, atakuja kumpimia nani?

Lakini sitaki mtu aniambie anasubiri kifaa. Somo la wale wa magari ya kuishi ni kwamba vifaa vya kisasa ndivyo vilivyowadanganya kwanza, wakarudi kwenye tochi. Anza na ufito. Kwa karo la maji kuna njia ya zamani: mti mrefu uliofungwa kitambaa cheupe sehemu ya chini, unazamishwa taratibu hadi sakafuni, unaachwa kidogo, unatolewa. Tope litaacha alama nyeusi kwenye kitambaa, na alama hiyo ndiyo kina cha tope. Kwa choo cha shimo ni rahisi zaidi: uchafu ukifika nusu mita kutoka juu, muda umekwisha. Ila nisikilizeni vizuri hapa. Karo lina hewa inayoua, yenye harufu ya yai viza, na ikizidi inaiua pua isisikie harufu tena. Lina methani inayolipuka. Kwa hiyo fungua ukiwa umesimama, upepo nyuma yako, bila sigara wala moto, watoto wakiwa mbali, na kamwe, narudia kamwe, mtu asiingie ndani hata kama kilichodondoka ni simu ya milioni mbili. Akianguka mmoja, anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Mti ule na glavu zake vikae mbali na tanki la maji, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mwisho niwajibu wanaosema hii ni kazi ya serikali. Nakubaliana nanyi nusu. Mtandao wa majitaka ni kazi ya serikali, na tuudai. Magari ya kunyonya yenye bei ya haki na mahali pa kumwaga palipo karibu ni kazi ya serikali, na tudai pia, maana anayekaa uchochoro usioingiza gari hawezi kulaumiwa kama anayekaa kando ya lami. Manispaa ikitoa kibali cha ujenzi ingeweza kusisitiza jambo moja dogo, kifuniko kinachofunguka na bomba la kupimia. Lakini mwananchi anayedai bila namba anajibiwa kwa namba za upande wa pili. Ukienda ofisini na kusema "maji hayatoki", utaambiwa tatizo linashughulikiwa. Ukienda na daftari linaloonyesha kwamba mwezi uliopita tanki lako lilipokea maji siku tisa tu, tarehe hizi na hizi, na majirani kumi wana daftari kama hilo, hapo mazungumzo yanabadilika. Vivyo hivyo kwa mwenye nyumba. Ukimwambia karo litajaa, atacheka. Ukimwonyesha watu 24, lita 3,000 na kitambaa chenye alama, atatafuta simu ya gari la kunyonya wakati wa kiangazi, barabara ikipitika, badala ya kusubiri mvua ya usiku.

Basi nawapa kazi ya wiki moja. Ufito, daftari, siku saba, kimo cha tanki asubuhi na usiku. Siku ya saba fungueni karo kwa tahadhari niliyoitaja, au muulizeni mwenye nyumba kwa maandishi lilinyonywa lini. Na kabla ya yote, muulizeni dada wa kazi, kisha mpeni heshima ya kuandika jibu lake kwenye ukurasa wa kwanza. Halafu mje hapa na namba zenu, nami nitaleta za kwetu, kaya sita na karo moja. Atakayekuja na "yapo yapo" hatutampokea.